Namna ya Kumhudumia Mgonjwa Anayemwogopa Daktari wa Meno

Wagonjwa wengi wa Nairobi humfikia daktari wa meno baada ya karafuu, maji ya chumvi na tembe za duka la dawa kushindwa. Wengine huchelewa kwa sababu ya gharama, wengine kwa woga, na kuchelewa kwenyewe huuzidisha woga huo: usaha ukishakusanyika kwenye mzizi wa jino, nyama zinazouzunguka huwa na asidi ambayo hupunguza nguvu ya ganzi, hivyo mgonjwa huumia kweli na kurudi Kayole au Kawangware akiwasimulia majirani. Mhudumu asimcheke mtu wa namna hii, kwani aghalabu hofu yake ina sababu.

Kazi huanzia kwa mpokezi. Anayeomba nafasi aulizwe kama ana hofu, na akikiri, apangiwe asubuhi ili asishinde siku nzima akiwaza. Atajiwe gharama mapema, na aambiwe ale kwanza, maana njaa na hofu vikikutana mtu huzirai upesi. Lipo dodoso fupi la maswali 5 lenye alama kuanzia 5 hadi 25. Mwenye alama 19 au zaidi ana hofu kali, na huyo asiharakishwe kwa vyovyote.

Ikiwa hana maumivu ya dharura, ziara ya kwanza iwe ya mazungumzo na kutazama kinywa tu. Keti mbele yake, usizungumze naye akiwa amelazwa chali. Kisha kubalianeni ishara: akiinua mkono wa kushoto, unasimama. Ijaribuni kabla chombo chochote hakijagusa jino. Washa mashine nje ya kinywa, ainue mkono, nawe uizime papo hapo. Kwa maoni yangu hakuna dawa inayoishinda ishara hii, kwa kuwa humrudishia mgonjwa mamlaka juu ya kinywa chake mwenyewe. Ila ukiipuuza hata mara moja, ukamwambia, "Vumilia kidogo mama, namalizia," hataiamini tena, na huenda asirudi.

Sindano ndiyo inayoogopwa zaidi, kwa hiyo istahili subira yako yote. Kausha ufizi kwa pamba, paka jeli ya ganzi, na usubiri dakika kadhaa badala ya kupaka na kudunga kwa mkupuo. Usiipitishe sindano mbele ya macho yake. Ingiza dawa polepole, takriban mililita 1 kwa dakika, kwa sababu maumivu mengi ya sindano hutokana na dawa kusukumwa kwa kasi. Mweleze mapema kwamba moyo unaweza kumwenda mbio kwa muda mfupi kutokana na adrenalini iliyochanganywa na ganzi, la sivyo atadhani amepatwa na balaa. Halafu subiri tena, hasa kwa magego ya chini, ambayo huchelewa kufa ganzi, na uhakikishe kabla ya kuanza. Usimwahidi kwamba hatahisi chochote. Mwambie kwamba atahisi kusukumwa na kuvutwa, lakini akihisi uchungu ainue mkono nawe utamwongezea dawa.

Kwa mtoto, mweleze, mwonyeshe, kisha ndipo utende. Mzazi naye aombwe kwa heshima asimtishe mtoto nyumbani kwa kusema kwamba akikosa adabu atapelekwa kung'olewa meno.

Wapo ambao haya yote hayatawatosha. Hao waelekezwe mahali penye vifaa na wataalamu wa kutoa gesi ya kutuliza, yaani oksidi ya nitrasi inayovutwa pamoja na oksijeni, au wa kuwalaza usingizi, ambapo maagizo ya kula hubadilika.

Kabla mgonjwa hajaondoka, panga naye siku ya kurudi. Jioni mpigie simu umwulize anaendeleaje, na kama ni mtoto, mkumbushe mzazi amchunge asijing'ate mdomo mpaka ganzi iishe.