Kukodi mwongozaji wako Delhi na Agra: maelekezo ya fundi mwashi

India nilikwenda kumuuguza mama, sikwenda kutalii. Wengi wetu ndivyo tunavyofika kule: mgonjwa, msindikizaji wake, na chumba cha kukodi karibu na hospitali ambamo mchana haupiti. Mama alifanyiwa upasuaji wa moyo Delhi mwezi wa Februari. Alipotolewa chumba cha uangalizi, mdogo wangu wa kike akafika kunipokea. Akanitazama, akasema, "Kaka, hebu toka nje. Siku mbili tu, mama nitakaa naye mimi."

Kazi yangu ni kukarabati nyumba za kale Mji Mkongwe, mawe na chokaa, mwaka wa 22 huu. Kwa hiyo pa kwenda nilikuwa napajua tangu zamani: makaburi na ngome za wafalme wa Kimughal, ukoo wa Kiislamu uliotawala India zamani, hapo Delhi na katika mji wa Agra ilipo Taj Mahal. Namna ya kwenda ndiyo nilikuwa siijui, na siku ya kwanza niliilipia.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilimwambia kijana wa mapokezi anitafutie gari na mtu wa kunitembeza, nikakubali bei bila kuuliza neno. Fundi mzima! Kwetu mteja akikubali bei kabla ya kuuliza chokaa ni ya nani na mbao ni za nani, tunajua tumempata. Basi na mimi nilipatikana. Saa 4 asubuhi tulikuwa duka la mazulia, saa 5 na nusu duka la marumaru, kisha la viungo. Viungo, mimi mtu wa Unguja! Kaburi la mfalme Humayun, nililolitaka kuliko yote siku ile, nilipewa saa moja.

Jioni yake nikaanza upya, na huu ndio utaratibu ninaokupa.

Gari na mwongozaji ni mikataba miwili. Hata ukipata vyote kwa mtu mmoja, kila kimoja kitajwe na bei yake. Kwenye gari uliza kama ushuru wa barabara, maegesho na chakula cha dereva vimo. Kwenye mwongozaji uliza ni kwa muda wa saa ngapi, sehemu zipi, na kama tiketi zako utanunua mwenyewe. Nunua mwenyewe. Mimi nililipa rupia 5,500 za gari kwenda na kurudi Agra, na 3,000 za mwongozaji, nusu asubuhi na nusu jioni. Halafu sema sentensi hii, na uitume kwa maandishi: hakuna duka hata moja. Maduka yale humlipa anayekuleta, ndiyo maana bei ya mwanzo huwa ya chini hivyo. Mwongozaji akisema "tutaangalia tu, si lazima ununue", tafuta mwingine.

Mwongozaji halali ana kitambulisho chenye picha, cha Wizara ya Utalii ya India au cha serikali ya jimbo, na hukivaa shingoni. Wanaokufuata kwenye maegesho wakisema "geti hili limefungwa leo, njoo huku" ni papasi, kama tunavyowaita wale wanaomganda mgeni pale Forodhani. Usibishane nao, pita.

Kitambulisho peke yake hakitoshi. Mimi kila mmoja nilimpigia simu nikamuuliza swali moja: ni kweli mfalme Shah Jahan aliwakata mikono mafundi waliojenga Taj Mahal, kaburi la mkewe Mumtaz? Wa kwanza akasema ndiyo, tena akaanza kunisimulia. Wa pili akasema ndiyo. Wa tatu, mzee mmoja, akacheka: "Hiyo ni hadithi, haina ushahidi. Na ile ya kwamba alitaka kujijengea Taj nyeusi ng'ambo ya mto pia." Huyo nikamchukua. Nikamweleza kazi yangu, nikamwambia mambo ya mapenzi ya mfalme anieleze kidogo, anioneshe jiwe limekaaje juu ya jiwe. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ningeweza kuondoka saa 9 usiku.

Mweleze na wewe kazi yako. Mshonaji ataoneshwa nakshi, mkulima mifereji ya maji, na mwalimu wa madrasa ataoneshwa khati. Ukinyamaza utapewa maneno yaleyale anayompa kila mtu, na utapigwa picha kwenye benchi lilelile.

Sasa siku zenyewe. Taj Mahal hufungwa Ijumaa kwa watalii. Ngome Nyekundu ya Delhi hufungwa Jumatatu. Treni ya haraka iitwayo Gatimaan, inayotoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin asubuhi na kufika Agra kwa takriban dakika 100, nayo haiendi Ijumaa. Ni nzuri, ila hutaliona jua likichomoza Taj. Kwa hilo utataka gari, na barabara ya kulipia ya Yamuna, kilomita 165, imenyooka kama uzi wa mwashi. Lakini Desemba na Januari hushuka ukungu mzito, magari hugongana. Miezi hiyo usikubali safari ya usiku. Mei na Juni ni joto la zaidi ya nyuzi 40, na marumaru ile inakurudishia jua usoni.

Kama siku zako zinaruhusu, yatembelee makaburi kwa mpangilio yalivyojengwa. Anza na kaburi la Humayun, Delhi. Humayun alikufa mwaka 1556 baada ya kuanguka kwenye ngazi za maktaba yake (kila nikitengeneza ngazi siku hizi namkumbuka), na kaburi lilianza kujengwa katika miaka ya 1560 kwa amri ya mjane wake. Hapo utaona fikra ambayo baadaye ilizaa Taj: bustani iliyogawanywa mara nne kwa mifereji, jukwaa refu, na juu yake kuba yenye maganda mawili, la ndani la kutosha chumba na la nje la kuonekana mbali. Mwongozaji akikwambia kuba ni moja, mwambie akutafutie kitabu.

Mimi nilisimama muda mrefu nikitazama chokaa. Paa lile lilikuwa limemwagiwa zege katika karne iliyopita, tabaka juu ya tabaka, kuzuia kuvuja. Ugonjwa huo naujua. Mji Mkongwe tumeufanya sana, saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe, ukuta ukakosa kupumua, ukamomonyoka kwa ndani. Pale mafundi wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan waliondoa zege la kilo milioni moja hivi, wakarudisha chokaa, wakamaliza mwaka 2013. Ni taasisi hiyohiyo iliyotengeneza upya bustani yetu ya Forodhani. Mtu aliyenileta siku hiyo hakuwa na habari hata ya moja katika haya. Alikuwa akitazama saa.

Kwa Agra, ushauri wangu ni kulala usiku mmoja, jambo ambalo mimi sikuweza. Fika mchana, nenda kwanza kwenye kaburi la Itimad-ud-Daulah. Nur Jahan, mke wa mfalme Jahangir, alimjengea baba yake kati ya 1622 na 1628, na ni dogo, lakini marumaru nyeupe iliyotiwa vijiwe vya rangi ilianza kutamba hapo kabla ya Taj. Watu ni wachache, unaweza kusogeza uso karibu kabisa na ukuta. Jua likianza kushuka nenda bustani ya Mehtab Bagh, ukingo huohuo wa mto, utazame Taj kwa nyuma ng'ambo ya pili. Alfajiri ndiyo uingie Taj yenyewe, macho yako yakiwa yamekwisha fundishwa. Mimi nilianza na Taj kisha nikaenda Itimad-ud-Daulah, na kaburi la watu likaonekana sanduku la vito tu. Nililionea.

Tiketi ya mgeni wa nje nilipokwenda ilikuwa rupia 1,100, na 200 zaidi za kupanda jukwaani kwenye kaburi lenyewe. Lipa hizo 200. Bila hizo umelitazama kwa mbali. Beba pasi ya kusafiria. Tiketi inakupa muda wa saa tatu tu ndani, na milango hufunguliwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo fika mapema kuliko hapo. Magari ya mafuta hayaruhusiwi kusogea. Utashuka mbali kidogo na kupanda kigari cha umeme. Tiketi ya mgeni huja na chupa ndogo ya maji na vifuniko vya viatu. Usije na chakula, sigara, kiberiti, kisu wala begi kubwa. Wala timazi, kile kizito cha kamba tunachopimia kama ukuta umesimama wima. Mimi nilitia timazi langu la shaba mfukoni, nikitaka kuhakikisha ile habari kwamba minara minne imeinamishwa nje kidogo ili ikianguka isiangukie kuba. Askari akalitoa, akalizungusha mkononi, akaita mwenzake. Mwongozaji alieleza kwa Kihindi kwa dakika nzima, askari wakacheka, timazi likaenda kwenye kabati la mizigo. Mwinamo wenyewe nilijaribu kuuona kwa macho, nikafumba jicho moja, nikalinganisha na ukingo wa simu. Sikuuona. Fundi wa kule alikuwa na jicho kuliko langu.

Kwenye lango kuu, usimwache mwongozaji akuharakishe kwenda kupiga picha. Simama, tazama juu. Ukiwa umepita chuo cha Kurani, hapa una kitu ambacho waongozaji wengi hawana: utasoma. Ni Surat al-Fajr, imezunguka tao zima, sura inayoishia kwa nafsi iliyotulia kuambiwa iingie Peponi. Kisha unapita chini ya maneno hayo na bustani inafunguka mbele yako. Nilimsomea yule mzee. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu "ni aya za Kurani". Akaniomba nimtamkie tena polepole, akaandika kwenye kijitabu. Kwenye kaburi lenyewe utaikuta Yasini, na herufi za juu zimeandikwa kubwa kuliko za chini ili ukizitazama kutoka chini zionekane sawa. Aliyeziandika, Amanat Khan, jina lake limo humo ndani.

Mwambie akuoneshe na hizi: kwamba mwili wa jengo ni matofali na marumaru kutoka machimbo ya Makrana ni ngozi yake, kwamba upande wa mto msingi umesimama juu ya visima vilivyochimbwa na kushindiliwa mawe na chokaa, kwa sababu mchanga wa mtoni hauaminiki, kwamba msikiti wa magharibi una pacha wake mashariki usioelekea kibla, umewekwa kwa ulinganifu tu. Ndani hakupigwi picha. Mwombe amulike tochi kwenye ua la akiki, kijiwe chekundu kilichotiwa kwenye marumaru, utaliona likiwaka kama kaa. Na makaburi unayoyaona ni alama, wenyewe wamelala chini. La Mumtaz liko katikati kabisa, la mumewe limebanwa pembeni, kitu kimoja pale ndani kisicholingana.

Mama nilipomsimulia habari hii kitandani aliuliza, "Huyo mke alikufa na nini?" Nikamwambia uzazi, mwaka 1631, mtoto wa kumi na nne. Mama akageukia ukutani. "Kumi na nne," akasema.

Baada ya Taj, kunywa chai, kisha Ngome ya Agra. Sehemu kubwa imo mikononi mwa jeshi na hutaiona, lakini inayobaki inatosha saa mbili. Utatajiwa Diwan-i-Aam na Diwan-i-Khas. Usiogope majina, diwani ni diwani na khas ni hasa yetu, baraza la watu wote na baraza la wahusika. Omba upelekwe kwenye mnara wa Musamman Burj. Humo mwanawe Aurangzeb alimfungia Shah Jahan tangu 1658 mpaka alipokufa 1666, na kutoka dirishani unaiona Taj kwenye kona ya mto.

Fatehpur Sikri, mji wa mfalme Akbar ulio kilomita zipatazo 40 kutoka Agra, usiubane kwenye siku hiyohiyo. Kama umelala Agra, upe asubuhi yake. Papasi wa pale ni hodari kuliko wote, kwa hiyo huko hasa ndiko utakakomhitaji mwongozaji wako mwenyewe.

Mengine madogo. Mfumo wao wa saa ni wa usiku wa manane kama wa Wazungu, kwa hiyo mkikubaliana muda andika tarakimu, na kumbuka wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe pamoja na pasi tangu uwanja wa ndege. Kima wa Agra huchukua miwani. Na dereva, ambaye amelala kwenye kiti chake tangu alfajiri akikusubiri, bakshishi yake mpe mkononi mwake mwenyewe. Usimpe mwongozaji amfikishie.