Kuondoa Ukoko wa Chokaa kwenye Vigae vya Bwawa la Kuogelea kwa Kupuliza Chembe kwa Kompresa

Mabwawa mengi ya kuogelea katika ukanda wa pwani, tangu Diani hadi Paje, hujazwa kwa maji ya kisima yaliyopita katika miamba ya matumbawe na kubeba chokaa iliyoyeyuka humo. Jua linapoyakausha maji kwenye mstari ule ambapo uso wa bwawa hukutana na vigae, chokaa hubaki, na baada ya miezi kadhaa hujijenga kuwa ukoko mweupe unaokwaruza mkono. Ukoko ambao bado ni mwembamba huondoka kwa siki na brashi ya nailoni. Ukishakuwa mnene kama ukucha, njia ya haraka zaidi ni kuupiga kwa chembe zinazorushwa na upepo wa kompresa, ilimradi fundi ajue anachokirusha na anakirusha kwa nguvu gani, kwa kuwa kigae kilichopoteza mng'ao wake hakirudishiki, bali hung'olewa na kubandikwa kingine.

Kwanza ujue aina ya ukoko. Angusha tone moja la asidi ya bwawa juu yake, ukiwa umevaa glavu na miwani ya kazi. Ukitoa povu papo hapo, hiyo ni kaboneti ya kalisi, ambayo ni laini kiasi. Usipotoa povu, nao una rangi ya kijivu na umeshika kama saruji, huenda ni silikati ya kalisi, ambayo ni ngumu zaidi na huchukua muda mrefu kujijenga. Mambo yote yanayofuata hutegemea jibu hilo.

Uteuzi wa chembe ndio moyo wa kazi hii, na hapo ndipo vigae vingi huharibiwa. Ugumu wa madini hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, almasi ikiwa juu kabisa. Kaboneti ya kalisi iko kwenye 3, mng'ao wa kigae cha kauri, yaani tabaka jembamba la kioo lililo juu yake, kwa kawaida uko kati ya 5 na 6, na mchanga wa mtoni, ambao sehemu yake kubwa ni silika, uko kwenye 7. Kwa hiyo mchanga wa mtoni, hata ukipulizwa kwa upepo hafifu, utakwangua mng'ao pamoja na ukoko, na kupunguza nguvu ya kompresa hakutauokoa mng'ao huo. Isitoshe, vumbi la silika huingia mapafuni na kuleta ugonjwa wa silikosisi usio na tiba. Uingereza iliupiga marufuku mchanga wa aina hiyo katika kazi ya kupuliza tangu mwaka 1950. Kwamba mchanga ni wa bei rahisi na unapatikana kila mahali si hoja ya kuutumia.

Kwa ukoko wa kaboneti, tumia bikaboneti ya sodiamu, yaani soda ile ile ya kuokea, inayouzwa kwa mifuko ya kilo 25 na wauzaji wa dawa za mabwawa, au salfeti ya magnesia, ambayo wazee wanaijua kwa jina la chumvi ya haluli. Zote mbili ni laini kuliko mng'ao wa kigae na huyeyuka majini. Magadi yasichukuliwe kuwa badala ya soda hiyo, kwani ni kaboneti, tena yana ukali wa kupandisha kwa kasi pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji. Kwa ukoko wa silikati, chembe laini hazitoshi. Hapo hutumika shanga ndogo za kioo, zenye ugumu unaokaribiana na ule wa mng'ao wenyewe, na kwa sababu hiyo zinahitaji upepo mdogo na mkono uliozoea. Vigae vya mozaiki ya kioo, na vile vyenye nakshi au rangi ya dhahabu iliyochorwa juu ya mng'ao, ni bora visipulizwe kabisa, bali visuguliwe taratibu kwa mkono.

Kabla ya kuanza, zima pampu, funga mkondo wa kufyonzea maji ya juu, kisha shusha maji kiasi cha sentimita 30 chini ya ukoko. Usilikaushe bwawa lote bila sababu. Bwawa tupu lililochimbwa karibu na ufuo huweza kunyanyuliwa na maji ya ardhini na kupasuka, hasa wakati wa bamvua ambapo bahari ikijaa huyapandisha maji hayo. Ikiwa ni lazima kulikausha, subiri maji mafu na uhakikishe kwanza kuwa vali ya kutolea shinikizo sakafuni inafanya kazi. Ukingo wa bwawa ukiwa wa mawe ya matumbawe au ya Mazeras, ufunike kwa ubao au mpira mnene, kwa kuwa mawe hayo huchimbika upesi. Halafu ning'iniza turubai chini ya mstari wa kazi, upande mmoja ukiwa umegandishwa ukutani kwa utepe, ili likusanye chembe zinazoanguka.

Kompresa ndogo ya kujazia matairi haifai. Ina shinikizo la kutosha, lakini kiasi cha upepo wake huisha baada ya dakika chache. Kodisha kubwa ya dizeli, na ikiwa ni ya umeme ipitie kwenye swichi inayokata umeme unapovuja. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na soda ikilowa hugandamana na kuziba nozeli, yaani mdomo wa kupulizia, kwa hiyo kichungi cha kutoa maji kwenye upepo ni cha lazima. Nozeli nayo iwe na kishikio kinachokata upepo mara tu mkono unapokiachia. Mfanyakazi avae barakoa ya vumbi ya kiwango cha P3, miwani iliyoziba pande zote, vizibo vya masikio na glavu. Anayetumia kofia ya kupitishiwa hewa asiiunganishe na kompresa ya kawaida bila vichujio vyake maalumu, kwa sababu hewa hiyo huweza kubeba mafuta na moshi wenye sumu.

Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama nyuma ya ngazi, kwenye kipande cha sentimita 10. Anza na shinikizo la bari 2, takriban psi 30, nozeli ikiwa umbali wa sentimita 30 na imeinama nyuzi 45. Kisha futa, kausha, na umulike kigae kwa tochi kutoka pembeni: mwanga ukiteleza sawasawa, endelea, ukiona ukungu usiofutika, mng'ao umeanza kuliwa, nawe ubadilishe chembe. Kwa chembe laini, ni nadra kuhitaji kupita bari 4.

Fanya kazi asubuhi kabla upepo haujakaza, ukianzia upande ambao vumbi halitakurudia. Nozeli isitulie mahali pamoja. Ipitishe juu ya uso wa kigae na kuiepusha na maungio, kwani grauti, yaani saruji inayojaza maungio hayo, huchimbika kabla ya kigae. Ukoko ukibaki kwenye kona, ni afadhali kurudia mara ya pili kuliko kuongeza shinikizo.

Ukimaliza, ondoa turubai pamoja na vilivyomo. Shanga za kioo zilizozama zifyonzwe na kutolewa nje moja kwa moja bila kupitia kwenye filta. Usidanganyike kwamba soda ikiyeyuka imekwisha: mfuko mmoja wa kilo 25 ukiangukia katika bwawa la mita za ujazo 100 hupandisha alkalini, yaani uwezo wa maji kuizuia pH yake isishuke, kwa karibu miligramu 150 kwa lita, ilhali kiwango kinachopendekezwa ni kati ya 80 na 120, na alkalini ya juu ndiyo inayoleta ukoko mpya. Salfeti nayo ikizidi majini hudhoofisha saruji ya maungio. Pima maji baada ya pampu kuzunguka siku nzima, rudisha pH kati ya 7.2 na 7.8, na ikiwa unatumia klorini ya unga iliyotengenezwa kwa kalisi, fikiria kuhamia ile ya maji, kwani kila kopo la unga huo huongeza kalisi katika maji ambayo tayari yanayo ya kutosha.