Mashine ya TENS wakati wa uchungu, inatumikaje
TENS ni kimashine kinachopitisha umeme mdogo mgongoni kupitia pedi za kubandika, ili kupunguza maumivu ya uchungu wa kujifungua. Usingoje mpaka uchungu ukolee ndo uivae, anza ule mwanzo mwanzo. Mgongo uwe mkavu, usipake mafuta, halafu mtu akubandikie pedi 4 za mashine, mbili kila upande wa uti wa mgongo, yaani mbili juu usawa wa mkanda wa sidiria na mbili chini karibu na makalio, tumboni usibandike kabisa. Washa kwa nguvu ndogo mpaka uhisi visindanosindano, uchungu ukija bonyeza kitufe cha kuongeza, ukipoa rudisha, ukizoea panda kidogo kidogo. Haiondoi maumivu yote jamani. Ukitaka kuoga vua kwanza. Mimba haijafika wiki 37, una kifafa au kifaa cha moyo? Achana nayo, ongea na daktari au mkunga.