Mgongo wa tembo: amua mwinamo kabla ya kukata mbao

Paa la mgongo wa tembo ni pande mbili zilizoegemeana, na huharibika mapema fundi anapokata mbao kabla ya kujua litaezekwa kwa nini. Kiezekeo ndicho kinachoamua mwinamo. Nyasi huoza maji yakikawia juu yake, kwa hiyo zipe nyuzi 45 au zaidi. Kule Shirakawa-go, Japani, mapaa ya nyasi yamesimama karibu nyuzi 60 ili theluji isirundikane. Mtindo huo huitwa gassho, yaani viganja vilivyokutanishwa kwa sala. Mahekalu ya Wagiriki wa kale yaliezekwa vigae, ndiyo maana paa la Parthenon, hekalu la Athene, liliweza kulala kwa mwinamo mdogo. Bati la migongo hutosheka na nyuzi 15 hadi 30.

Chukua nyumba yenye upana wa mita 6, mwinamo nyuzi 30. Nusu ya upana ni 3. Zidisha kwa 0.577 (tanjenti ya nyuzi 30): kilele kitapanda mita 1.73. Gawa 3 kwa 0.866 (kosaini ya nyuzi 30): kombamoyo, yaani ubao wa mteremko, lina mita 3.46, na upenu wa nusu mita unaongeza sentimita 58. Kisha punguza nusu ya unene wa ubao wa kileleni, ukipima kwa mlalo, si kwa kufuata mteremko. Hapa wengi husahau, halafu wanashangaa kilele hakifungi. Kata jozi moja tu, ijaribu, ikikubali ndiyo iwe kipimo cha zote.

Pengo linalokatwa kwenye kombamoyo ili likalie mtambaapanya, ubao ulazwao juu ya ukuta, lisizidi theluthi moja ya kimo cha ubao; likizidi, kombamoyo hupasuka kuanzia kwenye kona ya pengo.

Sasa miguu. Makombamoyo yaliyoegemeana husukuma kuta nje, kwa hiyo boriti ya chini lazima ifunge kila jozi. Ukiipandisha karibu na kilele ili upate nafasi ya dari, miguu itatawanyika tu, mgongo utabonyea na ukuta utapata ufa karibu na juu. Shirakawa-go mguu wa mti huchongwa ncha kama penseli na kuchomekwa kwenye shimo la boriti, na maungio hufungwa kwa kamba na fito mbichi badala ya misumari: paa linacheza kidogo bila kuachia.

Ukuta wa pembetatu hupigwa na upepo wote wa upande ule, hivyo funga mbao za mshazari kati ya jozi za mwanzo, la sivyo zote zitalala upande mmoja kama kadi. Misumari ya bati ipigwe juu ya mgongo wa bati. Bondeni ndiko maji yanakopita.