Kabla hujapanda Mlima Sinai

Anza na siku, tiketi baadaye. Monasteri ya Mtakatifu Katerina, iliyo chini ya mlima, hupokea wageni asubuhi kwa saa chache tu, na kwa kawaida hufungwa Ijumaa, Jumapili na sikukuu za Waorthodoksi. Ukipanda usiku wa kuamkia Ijumaa utashuka ukute lango limefungwa, na ndani ndiko kuliko na kichaka ambacho kwa mapokeo ndicho Musa alichokiona kikiwaka bila kuteketea. Kutoka Dar es Salaam mpaka Misri halafu ukose hilo, inauma. Muulize wakala kabla hujalipa.

Sisi tukisikia jangwa tunafikiria joto. Kilele kina mita 2,285, na usiku wa Desemba hadi Februari baridi hushuka chini ya sifuri. Theluji nayo huanguka. Tena baridi haikupati ukiwa unapanda. Wengi huanza saa saba au saa nane usiku ili wawahi jua kuchomoza, wanafika juu wametota jasho, kisha wanakaa juu ya mawe kusubiri. Hapo ndipo fulana mbichi inakuganda mgongoni na meno yanaanza kugongana. Beba fulana kavu ndani ya mfuko wa plastiki, uibadilishe mara tu unapofika, hata kama unaona aibu. Juu yake sweta, jaketi la kuzuia upepo, kofia ya sufu na glavu. Wabedui, Waarabu wenyeji wa jangwani, wana vibanda vya chai njiani na hukodisha mablanketi, ila usiende ukitegemea hayo.

Njia ni mbili. Ya ngamia ni ndefu na ya taratibu, lakini ngamia hafiki kileleni: kila mtu hupanda ngazi 750 za mwisho kwa miguu yake. Njia ya pili ni Ngazi za Toba: ngazi 3,750, mawe yasiyolingana, na kuzishuka kunayatesa magoti kuliko kuzipanda. Kwa wazee wetu nashauri njia ya ngamia kwenda na kurudi. Mwenye presha au moyo amwone daktari kwanza. Aliyezoea hewa ya Mombasa ataona pumzi inakata mapema. Wa Nairobi, aliyezoea mwinuko, atapata nafuu.

Kupanda bila kiongozi wa Kibedui hairuhusiwi. Wengi wao ni Wajebeliya, kabila ambalo kwa mapokeo yao limeitunza monasteri tangu enzi za mfalme Justinian, karne ya 6. Ngamia patana bei kabla hujakaa mgongoni, na useme wazi kama ni kwenda tu au na kurudi. Uwe na pauni za Misri, noti ndogondogo. Pasipoti ikae mfukoni, kwa sababu barabarani kuna vizuizi vya polisi, na hali ya usalama Sinai uiulizie kabla ya kulipia safari.

Mabega na magoti yafunikwe; kanga moja kwenye begi inatosha. Kileleni kuna kanisa dogo la mwaka 1934 na msikiti mdogo, maana Waislamu nao wanautukuza mlima huu: Mungu anauapia katika Surat At-Tin ya Kurani. Vikundi vyetu hupenda kupiga pambio jua likitoka, na ni haki yao. Imbeni kwa sauti ya chini, jirani yako huenda yuko kwenye sijda.