Shule ndogo ya kijijini haina mwalimu wa somo fulani? Hivi ndo unavyoanzisha darasa la mubashara na shule nyingine

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nafundisha shuleni kwangu kama kawaida, alafu mara tatu kwa wiki nakaa mbele ya laptopu nafundisha wanafunzi 11 wa shule ya kijijini iliyo mbali sana na mimi, mubashara kabisa, wananiona nawaona, wananiuliza nawajibu. Hao watoto walikua wanaitaka fizikia na pale shuleni hakukua na mtu wa kuwafundisha, na hakuna anayeajiri mwalimu mzima kwa ajili ya watoto 11, ndo shida ya shule ndogo zote hio, wanafunzi wachache basi na masomo yanakua machache, mtoto anayetaka udaktari au uhandisi anaambiwa achague kilichopo. Inaniuma sana hio, ndo maana naandika.

Na msidhani ni jambo la kujaribu jaribu. Alice Springs, Australia, walianza kufundisha watoto wa mashamba ya mbali kwa redio ya upepo tangu mwaka 1951. Jimbo la Amazonas kule Brazil tangu 2007 walimu wanafundisha kutoka studio za mji wa Manaus, matangazo yanapita kwenye setilaiti mpaka vijiji vya mtoni. Visiwa vya magharibi vya Scotland walianzisha shule yao ya mtandaoni 2016 kwa sababu hii hii ya masomo kukosa walimu. Kwahiyo inawezekana, ila inataka mpangilio.

Hatua ya 1: chagua somo MOJA

Shule nyingi zinataka kuanza na masomo matano kwa mpigo, usifanye hivyo. Kaa na wanafunzi, waulize wangesoma nini kama mwalimu angekuwepo, hesabu majina, chukua somo lenye watu wanaolitaka kweli na ambalo ukilikosa milango inafungwa mbele ya safari. Kama somo lina mtihani wa taifa, kabla ya yote hakikisha shule inaruhusiwa kusajili watahiniwa wa somo hilo na mazoezi ya maabara yatafanyikia wapi. Kuna shule naijua ilifundisha mwaka mzima alafu ndo wakagundua usajili hauwezekani, watoto walilia.

Hatua ya 2: andikeni makubaliano, hata kurasa mbili tu

Mdomo hautoshi hata kama wakuu wa shule ni marafiki. Andikeni nani anatunga mitihani ya ndani, nani anasahihisha, alama zinaingia kwenye ripoti ya nani, nani analipia intaneti, vipindi vya huyo mwalimu wa mbali vinahesabiwa kwenye mzigo wake wa kazi au anafanya kwa kujitolea (akifanya kwa kujitolea juu ya vipindi 30 alivyonavyo atachoka kabla muhula haujaisha, nawaambia ukweli), na akiumwa inakuaje. Kipengele cha kuumwa kila mtu anakisahau.

Hatua ya 3: mtafute mwalimu wa ndani

Hapa nikae kidogo kwasababu ndo moyo wa kitu chote. Watu wakisikia darasa la mtandaoni wanafikiria kamera na intaneti, wanamuweka mwalimu mzuri upande mmoja alafu upande wa pili wanaweka watoto peke yao na skrini. Darasa la namna hio linakufa ndani ya wiki chache. Hili darasa lina walimu WAWILI, mmoja wa mbali na mmoja wa ndani, na wa ndani sio mlinzi wala fundi wa kuwasha projekta.

Sio lazima ajue somo. Uruguay walianza 2012 kufundisha Kiingereza shule za msingi kwa njia hii, mwalimu wa mbali anaingia kwa video mara moja kwa wiki, vipindi vinavyobaki vya mazoezi anavisimamia mwalimu wa darasa ambaye mara nyingi na yeye Kiingereza hakijui, anajifunza pamoja na watoto wake, na imefanya kazi. Mwenzangu wa ndani ni mwalimu wa historia. Fizikia aliiacha zamani. Lakini anawajua wale watoto, anajua nani kanyamaza kwasababu ameelewa na nani kanyamaza kwasababu ana njaa ya usingizi, ananitumia meseji fupi katikati ya kipindi, "rudia hio ya mwisho, safu ya nyuma wamepotea", na mimi narudia kama vile nimeamua mwenyewe. Hicho kitu hakuna kamera itakupa.

Kwahiyo mchague mtu anayependa kuwepo, mpunguzie vipindi vingine, na kila wiki muongee dakika 20 nyie wawili bila wanafunzi: tunafundisha nini, vifaa gani viandaliwe, nani anahitaji kusukumwa.

Hatua ya 4: sauti kwanza, picha baadae

Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua maiki nzuri. Picha ikiganda watoto wanaendelea kusikiliza na kuandika, sauti ikikatakata kipindi kimeisha. Maiki ya laptopu inamsikia aliyekaa mbele yake, wa nyuma inamsikia kama yuko kisimani. Sisi tunatumia maiki moja inayopita mkono kwa mkono, anayetaka kuongea anaishika, na imetusaidia hata nidhamu ya kuongea mmoja mmoja. Spika iweke mbali na maiki na isiielekee, la sivyo nitasikia mwangwi wa sauti yangu mwenyewe na kichwa kitauma. Kama chumba ni kitupu kina kuta tu, tundika vitambaa ukutani, sauti inatulia. Na kama paa ni la bati mvua ikinyesha hakuna maiki itakayoshinda, hapo nenda hatua ya 7.

Intaneti: simu ya video inatumia kama megabiti 1 kwa sekunde kila upande ukiiweka kwenye ubora wa kawaida, sauti peke yake haifiki kilobiti 100. Kipindi cha dakika 40 hapo ni kama MB 600, vipindi vitatu kwa wiki ni kama GB 7 kwa mwezi, pangeni bando kwa hesabu hio na muongeze kidogo. Pimeni kasi saa ile ile ya kipindi sio usiku watu wamelala, na angalieni kasi ya KUPAKIA, sio ya kupakua tu, kwasababu ndo inayobeba sauti na picha za watoto kuja kwa mwalimu. Laptopu iunganishwe na rauta kwa kebo, waifai ya ofisini yenye simu 15 sio ya kuitegemea.

Hatua ya 5: ratiba

Kengele za shule mbili hazigongwi pamoja. Sogezeni kipindi kiwe saa ambayo shule zote zipo darasani na hakuna anayekosa mapumziko. Kama mwalimu yuko Ulaya au Marekani kumbukeni wenzetu wanabadilisha saa mwezi Machi na tena vuli, na hawabadilishi tarehe moja, bila kuandika kwenye kalenda mtakosana lisaa zima.

Hatua ya 6: kipindi chenyewe

Usihubiri. Dakika 40 za kumsikiliza mtu kwenye ukuta ni ndefu kuliko dakika 40 za mtu aliyesimama mbele yako. Mimi naongea dakika 7 au 8, nawapa kazi, mwalimu wa ndani anazunguka, tunarudi.

Ukiuliza swali SUBIRI. Mtafiti Mary Budd Rowe aliwapima walimu miaka ya 1970 akakuta wengi wanasubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kumrukia mwanafunzi mwingine, na wakisubiri 3 majibu yanakua marefu na wale wanyonge nao wanaanza kuongea. Sasa mtandaoni ongeza ucheleweshaji wa mawimbi. Kama shule inatumia setilaiti ya zile za mbali, iliyo kilomita karibu 36,000 juu, swali lako kufika na jibu kurudi ni zaidi ya nusu sekunde hata kabla mtoto hajafikiria. Mimi nakunja vidole vitano chini ya meza, kimoja kimoja, ndo naongea tena. Mwanzo ule ukimya unatisha lakini zoea. Alafu ita kwa majina, jifunze majina yote wiki ya kwanza, ukisema "kuna mwenye swali?" kwa ujumla hakuna atakayejibu.

Na hapa niwaambie kosa langu. Wiki tatu za kwanza kamera ilikua inaangalia nyuso, nikaona watoto wanaitikia kwa kichwa, wanaandika, nikafurahi. Siku moja binti mmoja akainua daftari lake karibu na kamera kuniuliza kuhusu mchoro wa sakiti, nikaona ammita (kile kifaa cha kupima mkondo wa umeme) ameichora sambamba na taa, wakati inatakiwa ikae kwenye mfululizo. Nikaomba na wengine wainue. Saba kati ya 11 walikua wamechora hivyo hivyo. Wiki tatu! Darasani kwangu ningeliona kwa kupita tu kati ya madawati. Tangu siku hio kuna simu ya zamani imelazwa juu ya rundo la vitabu, kamera imetazama chini, imeingia kwenye kipindi kama mshiriki mwingine, na daftari linapita chini yake moja baada ya jingine wakati wa mazoezi. Nafuata mkono wa mtoto ukiandika. Hakuna kifaa kingine kilichobadilisha ufundishaji wangu kama hicho.

Mazoezi ya maabara: vifaa vifike wiki moja kabla, mimi na mwalimu wa ndani tunalifanya zoezi lote sisi kwanza tukiwa peke yetu, na kwenye usalama mwenye neno la mwisho ni aliyepo chumbani. Akisema acheni, tunaacha, hata kama mimi sijaona tatizo.

Hatua ya 7: mtandao ukikatika

Utakatika. Kila kipindi natuma mapema karatasi moja ya kazi, imechapishwa na iko kwenye bahasha mezani kwa mwalimu wa ndani. Kanuni yetu: ukikatika tunazima picha tubaki na sauti, ikishindikana napiga simu ya kawaida inawekwa kwenye spika, ikipita dakika 5 bahasha inafunguliwa na kazi inaanza. Watoto wenyewe wanaijua hio kanuni, hawakai kusubiri. Maswali yao wanayaandika, mwalimu wa ndani anayapiga picha ananitumia, jioni nawajibu.

Hatua ya 8: usalama wa watoto

Mtu mzima awepo chumbani muda wote. Mwalimu wa mbali asiwe na namba binafsi za wanafunzi wala mazungumzo ya pembeni na mmoja mmoja, kila kitu kipite kwa mwalimu wa ndani au kwenye akaunti ya shule. Linki isisambazwe na iwe na nenosiri. Kurekodi ni mpaka wazazi wakubali kwa maandishi. Hapa msilegeze hata kidogo.

Hatua ya 9: kabla hujaongeza somo la pili

Malizeni muhula mzima kwanza. Alafu angalieni vitu viwili: mahudhurio ya mwezi wa mwisho ukilinganisha na wa kwanza, na idadi ya wanafunzi waliouliza swali wenyewe bila kuitwa jina. Kwetu mwezi wa kwanza walikua wawili, mwisho wa muhula wakafika nane, na wawili kati ya hao nane walikua wanakuja dakika 10 kabla ya kipindi kuwasha vifaa. Ndo tukaongeza kemia. Mwalimu wa mbali ni mwingine, wa ndani ni yule yule wa historia, kaomba mwenyewe.