Taa za nyuma za gari la zamani: pima kwanza, nunua baadaye

Taa ya nyuma ikizima, watu wengi hukimbilia kununua balbu, na balbu mpya isipowaka wanaanza kufungua dashibodi. Kwenye gari la zamani, anzia nyuma kwenye taa yenyewe kisha uelekee mbele. Hitilafu nyingi ziko ndani ya nusu mita kutoka kwenye balbu, tena upande wa erthi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari na hasi ya betri) kuliko upande wa moto (waya unaoleta umeme kutoka chanya).

Uwe na testa ya volti 12 yenye balbu ndani, multimita, msasa laini, na waya wa mita tano hivi wenye klipu ncha zote mbili.

Balbu ya taa ndogo na breki huwa na nyuzi mbili za kuwaka ndani yake: wati 5 kwa taa ndogo, wati 21 kwa breki. Vipini vyake viwili haviko usawa mmoja, kimoja kiko juu kidogo, ili isiingie kinyume. Ikilazimishwa kinyume, taa ndogo huwaka kwa ukali na breki huwa hafifu. Kosa jingine ni kuweka balbu ya uzi mmoja kwenye holda (kishikio cha balbu) ya nyuzi mbili. Kitako chake huunganisha vidoa viwili vya holda, yaani vyuma vidogo vinavyopitisha umeme kwenye balbu, kwa hiyo ukikanyaga breki hata taa za dashibodi zinawaka. Ukiona kituko hicho, angalia balbu kabla ya kulaumu nyaya.

Holda yenyewe hupata kutu ya kijani. Zima taa, sugua vidoa kwa msasa, na kama kidoa kimelala kisiguse balbu, kiinue kidogo. Plastiki iliyoyeyuka haifai kurekebishwa, badilisha holda.

Sasa erthi, ambayo ndiyo husumbua zaidi. Dalili zake ni za ajabu: ukiwasha indiketa, taa ndogo nazo zinakonyeza, ukikanyaga breki, taa ndogo ya upande wenye hitilafu inazima. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi hupita kwenye uzi wa balbu nyingine ukitafuta erthi huko, ndiyo maana taa zisizohusika zinashiriki.

Kuhakikisha, funga klipu moja ya ule waya mrefu kwenye hasi ya betri, au kwenye chuma cha bodi kilichosuguliwa, na nyingine kwenye erthi ya holda. Taa zikitulia, umeshampata mhalifu. Kwa vipimo, weka multimita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye erthi ya holda, kisha washa taa ndogo na mtu akanyage breki. Ukisoma 0.1 hadi 0.2, hapana shida. Ikifika 0.5 au zaidi, kuna kizuizi njiani. Ikikaribia 12, erthi imekatika kabisa. Usitegemee kipimo cha omu (ukinzani wa waya) hapa. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba husoma karibu sifuri, lakini hauwezi kubeba ampia 1.75 za balbu ya wati 21 bila volti kupotea.

Tiba ni kufungua bolti ya erthi, kusugua bodi na kichwa cha waya mpaka chuma king'ae, kukaza, kisha kupaka grisi juu. Grisi iwe ya mwisho ili kuzuia maji. Kama sehemu ya zamani imeliwa na kutu, piga waya mpya wa milimita mraba 1.5 hadi penye chuma kizima.

Erthi ikiwa nzuri na taa bado haiwaki, tafuta moto kwenye holda kwa testa. Breki zote mbili zikikosa moto huku taa ndogo zikiwaka, pima fyuzi, halafu swichi iliyo juu ya pedali: washa ufunguo, waya mmoja lazima uwe na moto muda wote, wa pili uupate ukikanyaga. Taa ndogo ya upande mmoja tu ikifa, usidhani fyuzi ni nzima, kwani magari mengi yana fyuzi tofauti kwa kulia na kushoto.

Kama taa ziko kwenye mlango wa nyuma au kifuniko cha buti, fungua mpira unaofunika nyaya kwenye bawaba. Hapo hukatika ndani huku ganda likionekana zima. Vuta kila waya taratibu. Uliokatika hurefuka kama ndala iliyochakaa.

Fyuzi ikiungua kila mara, usiweke kubwa zaidi: fyuzi inalinda waya, na waya usiolindwa huwaka moto. Toa balbu zote za mkondo huo, chomoa fyuzi, uunge balbu ya wati 21 mahali pake. Ikiwaka kwa ukali, shoti ipo, yaani waya wa moto unagusa bodi mahali fulani. Tikisa nyaya kipande kwa kipande, ukichomoa plagi moja baada ya nyingine. Balbu ikizima, umefika. Anza na nyaya zilizoongezwa za trela, kisha matundu ya bodi yaliyopoteza mpira, kisha nyuma ya taa iliyowahi kufunguliwa.

Kuunga waya, ingiza kwanza mpira wa kusinyaa kwa joto, lehemu, halafu uusinyaze juu ya kiungo. Utepe peke yake hulegea na joto na kuacha gundi inayokusanya vumbi.

Mwisho washa taa ndogo, breki, indiketa na rivasi kwa pamoja, injini ikinguruma. Erthi dhaifu inaweza kuvumilia taa moja moja na kushindwa zikiwaka zote.